Mjamzito, Homa ya Virusi na Mishipa ya Damu

Mama mjamzito akipata homa na kikohozi, wengi wetu hungoja homa ishuke. Ikishuka tunasema amepona. Lakini virusi vingine huweza kudhuru mishipa ya damu. Mfano ni virusi vya UVIKO-19, ugonjwa ulioenea duniani kuanzia mwaka 2020.

Mishipa hufanya kazi gani?

Mama akiwa na mimba, damu yake huongezeka. Mishipa hulegea na kupanuka ili damu hiyo ipite vizuri. Mtoto hupata chakula na hewa kutoka kwenye damu ya mama, kwa njia ya kondo la nyuma.

Virusi hufanya nini?

Ndani ya kila mshipa kuna utando mwembamba. Utando huu husaidia mshipa kulegea. Ugonjwa ukiwa mkali, utando huweza kuharibika. Mishipa hujikaza, njia ya damu huwa nyembamba, na presha hupanda. Damu nayo huweza kuganda. Mtoto hupata damu kidogo, na huenda akazaliwa kabla ya wakati.

Mwaka 2021 madaktari walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 18. Wajawazito waliougua UVIKO-19 walipatwa na presha ya mimba inayoleta kifafa mara nyingi zaidi kuliko wale ambao hawakuugua. Si kila aliyeugua hupatwa, lakini kila mmoja anapaswa kupimwa.

Dalili za hatari

1. Kichwa kuuma sana.
2. Macho kuona ukungu au nyota.
3. Uso na mikono kuvimba.
4. Maumivu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu.

Ukiona hata dalili moja, nenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama homa imekwisha. Presha ikifika 140 kwa 90 ni hatari. Mkojo pia upimwe. Presha huweza kupanda bila dalili yoyote, kwa hiyo usikose kliniki. Uliza pia habari za chanjo.

Ndugu waume, kifafa cha mimba si pepo wala uchawi. Ni ugonjwa, na una dawa hospitalini. Mama akianza kutetemeka na kupoteza fahamu, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkampeleke hospitali mara moja.

Maswali

1. Kwa nini presha hupanda mishipa ikijikaza?
2. Kijijini kwenu, nani atatoa usafiri usiku?