Gemu 400 na betri ya Nokia

Mezani kwa fundi simu wa Mlali, wilayani Kongwa, katikati ya vioo vilivyopasuka na waya za chaja, kuna kidude chekundu cha plastiki kinachoenea kiganjani. Mbele kimeandikwa SUP, na boksi lake linajisifu kwa gemu 400. Fundi anabandua mfuniko wa nyuma, anachomoa betri. Ni BL-5C, ile ile ya Nokia 1100, simu iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani.

Hapo ndipo penye nguvu ya bidhaa hii ya China. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ina picha za kupendeza, lakini betri yake imefungiwa ndani. Ikichoka, Mlali watakuelekeza Dodoma mjini, na Dodoma watakuelekeza Kariakoo. BL-5C unaipata duka la jirani, na umeme ukikatika, sola ndogo ya kuchajia simu inatosha.

Si jambo geni. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy, kioo hakina rangi wala taa, betri ndogo nne. Mwaka uliofuata Sega wakaleta Game Gear yenye rangi na taa, ikawa inamaliza betri sita kwa saa chache. Game Boy ndiyo iliyotawala soko.

Ila anayetaka kukifanyia biashara ya kukodisha asikimbilie. Kioo cha inchi tatu ni cha mtu mmoja. Kibanda cha gemu, kile cha PlayStation na benchi la mbao, hakiuzi gemu tu, kinauza ubishi: wawili wanacheza, sita wamesimama nyuma wakikosoa, aliyefungwa anampisha mwenzake, naye anapapasa mfuko atafute ya kurudia. Tuseme raundi ni shilingi 200. Kinachojaza kopo ni hao waliosimama. Mtoto aliyejikunyata peke yake na kidude mkononi hana wa kumtania, akichoka anakirudisha na biashara imeisha. Dawa ipo: waya wa kuunganisha na televisheni, hata ya chogo, na vingine huja na pedi ya mchezaji wa pili. Ila ukishafunga televisheni, ile faida ya kuhimili giza imeondoka.

Kuna kasoro nyingine. Katika hizo 400, kadhaa ni gemu ile ile iliyobadilishwa rangi na jina. Ukizima, unaanza upya. Vumbi la kiangazi cha Dodoma huingia chini ya vitufe, na kile cha kurukia ndicho hugoma kwanza. Fundi hufungua, husugua mpira kwa spiriti, hurudisha. Na Super Mario na Contra zilizomo humo zina wenyewe Japani, ambao kwa kawaida hawaambulii chochote.

Mshindani mkubwa hata hivyo ni simu janja ya mzazi. Yenyewe inapiga, inapokea pesa, na gemu zake nyingi ni za bure. Kwa hiyo kidude hiki kinategemea msimu: mavuno ya mahindi na alizeti yakishauzwa, mzazi hukumbuka zawadi. Mvua zikianza, pesa yote iko shambani.

Fundi anarudisha betri, anawasha. Betri ya pili iko kando kwenye chaja ya kobe. Hiyo, anasema, haiuzi; ni ya kubadilishia mteja akiwa katikati ya mchezo.