Ua Linalotangulia Jani Lake

Mwisho wa kiangazi, majani ya Uasin Gishu yangali makavu na ng'ombe wangali wakitafuta chochote kibichi, kuna mmea mmoja usiongoja masika yakolee. Mvua za kwanza zikigusa tu ardhi, mwezi wa Machi au Aprili, hutoa shina na kuchanua maua ya zambarau yenye doa la manjano, nalo jani lake, ambalo ni moja tu, mara nyingi halijakua bado.

Wataalamu huuita Moraea schimperi. Neno la kwanza liliandikwa hivyo na Linnaeus, bingwa wa Sweden, lilingane na ukoo wa mkewe, Sara Moraea. La pili ni kumbukumbu ya Schimper, Mjerumani aliyekusanya mimea Uhabeshi tangu mwaka 1837 hadi alipofariki mwaka 1878. Mmea huu ni wa jamii ya airisi, pamoja na gladiola na zafarani tutiayo katika pilau. Hupatikana tangu Nigeria na Uhabeshi hata Zimbabwe, nao hupenda nyanda za juu zenye majimaji wakati wa mvua.

Mwenye kiwanja kidogo, hata mjini kama pale West Indies, Eldoret, aweza kuupanda, kwa kuwa mahali hapo pana mwinuko wa mita 2,100 hivi na baridi ya kutosha. Lakini yafaa afuate njia njema. Asiung'oe porini, kwani malisho yenye majimaji yanazidi kulimwa, na kila mmoja uondolewao hupunguza mbegu za mwaka ujao. Achume mbegu chache tu zilizokomaa, azipande mwanzo wa mvua katika debe lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mchanga. Kisha awe na subira: yaweza kupita miaka mitatu au zaidi kabla ya kuona ua.

Miche ipate jua na maji mengi wakati wa kukua. Maua yakiisha, jani lisikatwe, ingawa halipendezi, maana ndilo linalolisha kile kiazi kidogo kilicho chini, chenye kufunikwa na nyuzi, kiwe na akiba ya mwaka wa pili. Likigeuka manjano lenyewe, acheni kumwagilia, mmea ulale mpaka mvua zirudi. Aendeleaye kutia maji wakati huo huozesha kiazi.

Sasa, ninyi wenye mifugo, sikilizeni sana. Katika Afrika ya Kusini, baadhi ya ndugu wa mmea huu, waitwao tulp na wakulima wa huko, wanajulikana kuua ng'ombe na kondoo kwa sumu inayoshambulia moyo. Hatari huzidi wakati malisho ni haba, kwa sababu tulp huwa kibichi wakati majani mengine ni makavu. Ng'ombe waliozaliwa penye tulp mara nyingi hujua kuiepuka. Walio katika hatari kubwa ni wageni waliotoka mbali, wenye njaa na kiu. Basi na huu wetu tuufanyie tahadhari iyo hiyo. Upandwe ndani ya ua wa nyumba, mbali na zizi. Mabaki yake yasitupwe penye malisho. Na watoto waonywe wasionje kiazi chake. Anunuaye ng'ombe wa mbali awape majani na maji kabla ya kuwafungulia malishoni. Mnyama akishukiwa kula, asikimbizwe wala kuswagwa kwa nguvu, na Bwana Mifugo aitwe upesi.

Kuwahi kwake ndiko uzuri wake, na ndiko hatari yake pia. Ndani ya bustani, mmea huu hututangulizia habari njema ya mvua. Penye malisho, ng'ombe mwenye njaa aweza kuuona kuwa chakula. Mkulima mwenye busara ataupa mahali pake, kisha afunge lango.