Kilimo shadidi: Kwa nini mche mmoja wa mpunga unatosha

Mkulima wa mpunga aliyezoea kupanda miche mitatu, minne kwenye shimo moja, ukimwambia apande mmoja tu, tena wa siku 8 hadi 12, atadhani unamtania. Lakini ndivyo kinavyotaka kilimo shadidi, mbinu iliyoanzia Madagaska miaka ya 1980 kupitia padri Mfaransa, Henri de Laulanié. Leo inatumika kwenye skimu kama Mkindo mkoani Morogoro na Mwea nchini Kenya.

Siri iko kwenye mizizi. Mche mchanga ukitolewa kitaluni kwa uangalifu na kupandwa sentimita 25 kutoka kwa mwenzake, haugombanii chakula wala mwanga, hivyo unatoa machipukizi mengi. Maji nayo hayatuami muda wote: jaruba linaachwa likauke hadi udongo uanze kupasuka, ndipo linamwagiliwa tena. Mizizi inapata hewa, na mbegu inayotumika ni kidogo.

Kazi ipo kwenye magugu. Maji yaliyotuama ndiyo yaliyokuwa yanayadhibiti, kwa hiyo jaruba likikauka tu, nyasi zinaota kwa fujo. Inabidi kupalilia mapema, ikiwezekana kwa mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono, ambayo haipiti kama hukupanda kwa mistari.

Halafu kuna jirani. Maji yake yakipitia kwako, huwezi kukausha jaruba unavyotaka. Hapo hata aliyeelewa somo vizuri anakwama, mpaka wenzake wa mfereji mmoja wakubaliane zamu za maji.