Jino halipimi sumu: Kijana wa biashara ya mahindi, beba chupa na chumvi

MSIMU wa mavuno ukifika, kati ya Oktoba na Desemba, kingo za barabara kutoka Kitale hadi Bungoma hugeuka uwanja wa kuanika mahindi. Vijana wanaonunua kwa wakulima ili wauzie viwanda vya unga wengi wana kipimo kimoja tu: jino. Unauma punje, ikilia ‘ka!’, unatoa pesa.

Shida ni kwamba jino halijui aflatoksini.

Sumu hii hutolewa na kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu. Haionekani, na moto wa kusonga ugali hauimalizi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipiga marufuku chapa tano za unga kwa sababu iyo hiyo. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, kwa hivyo punje chache zilizooza zinaweza kuharibu gunia zima.

Lori likirudishwa langoni mwa kiwanda, mtaji wako umekwenda. Na tusidanganyane: mzigo uliokataliwa hautupwi kila mara. Unaweza kuuzwa kwa posho mil ya kijijini ambako hakuna anayepima, ukaishia kwenye sufuria ya mtu.

Lakini huhitaji maabara kuanza. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya soda hadi robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja kisha uache yatulie dakika 15. Chumvi ikigandia chupani, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, yamekaribia, ila lengo ni asilimia 13.5.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nao walibuni DryCard, kadi unayoifungia pamoja na punje kwenye mkebe usiopitisha hewa. Ikibaki buluu, mahindi ni makavu; ikiwa ya waridi, rudi juani.

Chuo Kikuu cha Purdue, ambacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Eldoret hapa jirani kuhusu uhifadhi wa nafaka, ndicho chanzo cha mifuko ya PICS. Ilianzia Cameroon miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Ndani ina karatasi mbili za plastiki. Wadudu hukosa hewa na kufa bila dawa. Ila mfuko haukaushi kitu. Ukifungia mahindi mabichi humo, umefungia unyevu pia.

Mvua ikizidi, Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) hukausha kwa ada, hata Kitale.

Mzee mwenye shamba akikushangaa unavyotikisa chumvi kama mganga, mwonyeshe chupa. Akiongeza siku mbili za kuanika, rudi Alhamisi na magunia yako.