Nunua rangi moja, uza rangi sita: nilichojifunza kwa kupaka rangi chambo bandia nikiwa Ngara



Mwaka jana mteja wa Mwanza alinitumia picha WhatsApp ikiwa na maneno matano tu: "Dada, hivi umenitumia matope kweli?" Kwenye picha kulikuwa na chambo bandia 120 nilizomtumia kwa basi kutoka Ngara. Zilitoka kwangu zikiwa nyeupe, kijani na nyeusi. Zilimfikia zote rangi ya ugoro. Mzigo wa 108,000, na mtaji wake niliukopa kikoba.

Leo nawaeleza kosa lilikuwa wapi na sasa nafanyaje. Hata kama huuzi vitu vya uvuvi, soma. Ukiuza kava za simu, shanga au mitandio, tatizo la rangi unalijua.

NILIINGIAJE HUKU

Mimi nilikuwa nauza vifaa vya simu. Siku moja alikuja mteja aliyekuwa na kazi kule Rusumo, ana fimbo ya kuvulia kwenye gari. Akaniuliza kama naweza kumuagizia chambo za plastiki laini, zile zenye umbo la kisamaki na mkia unaocheza majini. Nikamuagizia kupitia wakala. Akaniunganisha na wenzake wanaovua kwa fimbo Mwanza, Bukoba na Dar. Biashara ikaanza hapo.

Shida ikawa rangi. Huyu anataka nyeupe, yule nyeusi, mwingine kijani chenye mgongo mweusi. Nikaagiza pakiti za rangi sita. Rangi mbili zikaisha wiki ya kwanza, nne zikakaa kabatini miezi mitano. Yaani hela yangu ilikuwepo, lakini imelala ndani ya rangi ambayo hakuna anayeitaka.

Ndipo nikaanza kuagiza nyeupe na zile zinazopitisha mwanga peke yake, halafu napaka rangi nyumbani kwa oda.

NILIVYOHARIBU

Kwanza nilitumia rangi ya keki. Ikatoka mara tu nilipoitia chambo kwenye maji. Nikajaribu rangi ya unga ya kuchemsha, ile wanayotumia akina mama kwa nyuzi za vikapu. Nayo ikakataa. Kumbe plastiki hii ni PVC iliyochanganywa na mafuta maalum ya kuilainisha, na rangi ya maji haina pa kushika. Ukizichemsha ndiyo kabisa, zinapinda.

Halafu nikaona video za watu wanaoyeyusha chambo zilizochanika, wanatia rangi na kumimina upya kwenye umbo. Nikachukua sufuria, nikaweka kwenye jiko la mkaa. Jamani, msifanye hivyo. Plastiki hii inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 170 za Selsiasi, na jiko la mkaa huwezi kulipima. Ikizidi inaungua, inageuka kahawia na kutoa moshi wenye asidi unaochoma koo. Mwanangu alikohoa usiku kucha, na sufuria nikaitupa. Wanaoifanya kazi hii sawasawa wana kipimajoto, barakoa ya kemikali, na sehemu ya nje yenye hewa. Mimi sina, kwa hiyo nimeiacha.

NJIA MBILI ZINAZONIFAA

1. Maka peni isiyofutika. Chambo zinakuja na mafuta juu, kwa hiyo zioshe kwa sabuni kidogo, uzifute, uziache zikauke. Kisha piga mstari mgongoni, madoa ubavuni na jicho. Jaribu kwenye chambo moja kwanza. Wino huu unaingia ndani ya plastiki na kuendelea kusambaa, kwa hiyo madoa makali ya leo baada ya wiki kadhaa yanakuwa na ukungu. Ndiyo maana sipaki mapema nikaweka akiba. Napaka oda ikishalipiwa.

2. Rangi ya kuchovya iliyotengenezwa kwa ajili ya chambo laini. Hii inaagizwa nje. Unachovya mkia kwa sekunde chache, unatoa, unatundika. Harufu yake ni kali na inashika moto haraka, kwa hiyo naifanyia uani, mbali na jiko na watoto, nikiwa na glavu. Kichupa kimoja kinafanya kazi muda mrefu.

KOSA LA YALE MATOPE

Zile 120 nilizipaka usiku, asubuhi nikazifunga zote kwenye mfuko mmoja kuwahi basi. Hazikuwa zimekauka vizuri. Mzigo ukalala siku mbili mahali penye joto, na plastiki laini zikigusana rangi inahama kutoka moja kwenda nyingine. Nyeusi inaila nyeupe. Ikishaingia, hakuna sabuni ya kuitoa.

Sasa utaratibu wangu ni huu:
- Zinatundikwa usiku na mchana mzima kabla ya kufungwa.
- Kila rangi na kifuko chake, hata kama ni tatu tu.
- Hazikai juani wala karibu na jiko.
- Siweki kwenye makopo ya plastiki ngumu bila kujaribu. Kuna plastiki zinazolainishwa na mafuta ya chambo hizi mpaka zinagandana.

UZA RANGI KWA MAELEZO

Mteja akiuliza "rangi gani inakamata?", usijibu "zote kali". Muulize anavua wapi na anatafuta samaki gani.

Sangara wa Ziwa Victoria anakula dagaa, furu na uduvi. Kwenye maji maangavu nampa nyeupe yenye mgongo mweusi inayofanana na dagaa. Maji yakiwa machafu, kama Mto Kagera wetu pale Rusumo mvua zikinyesha, samaki haoni madoa. Anaona kivuli. Hapo nampa nyeusi, au nyeusi yenye mkia wa njano-kijani. Anayetaka nyekundu kwa kina kirefu namwambia kabisa kwamba nyekundu ndiyo rangi inayopotea kwanza majini, kule chini itaonekana kama nyeusi.

Na anayevua kambare namwambia asinunue rangi. Kambare anategemea zaidi harufu na zile sharubu zake, bora atumie chambo cha kweli. Nimepoteza oda kadhaa kwa kusema hivyo, lakini watu haohao wameniletea wateja wengine.

Picha napiga mchana, kivulini, mara mbili: chambo ikiwa kavu, na ikiwa ndani ya glasi ya maji. Malalamiko ya "rangi siyo ile" yamepungua sana.

HESABU YANGU KWA PAKITI YA CHAMBO 10

Chambo zenyewe 4,000. Rangi 500. Kifuko na lebo 500. Zinazoharibika 500. Jumla 5,500. Naongeza 1,500 ya kazi yangu, inakuwa 7,000. Nauza 9,000, nauli ya basi juu ya mteja.

Angalieni hapo kwenye zinazoharibika na kazi yangu. Mwanzoni sikuziweka. Nilikuwa najiona nina faida ya 4,000 kila pakiti, kumbe nalipia makosa kwa hela ya mboga na sijilipi hata mia.

YULE MTEJA JE?

Sikubishana naye, wala sikusema ni basi. Nilimwambia, "Kaka, kosa ni langu, nilifunga zikiwa mbichi. Nakutumia nyingine 120 na nauli nalipa mimi." Mkopo wa kikoba ulichukua miezi miwili zaidi kuisha, na mwenyekiti wetu alinisema mbele ya wenzangu. Iliuma.

Yule kaka alikaa kimya wiki tatu. Halafu akaagiza pakiti mbili tu, nadhani za kunipima. Nikazifunga kila rangi peke yake, nikaandika tarehe ya kupaka juu ya kila kifuko. Mpaka leo anaagiza, na ndiye aliyeniunganisha na watu wa Bukoba.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, usikope. Nunua chambo nyeupe 20 na maka peni mbili. Paka tano, zifunge, ziache wiki nzima, kisha fungua uone. Kitakachoharibika kiharibikie kwako kabla hakijamfikia mteja.

Wewe unauza nini chenye rangi nyingi, na rangi ipi imekulalia kabatini? Tuambie, tusaidiane.