Laptopu Kuukuu, SSD Mpya na Kazi ya Sauti

Laptopu nyingi zinazorekodi sauti Mombasa ni za mtumba: ThinkPad, EliteBook au Latitude zilizomaliza utumishi katika ofisi za Ulaya zikauzwa huku zingali na nguvu. Prosesa zake zinatosha kurekodi kikundi kizima cha taarabu, na kibodi zake ni ngumu kuliko za laptopu nyingi mpya. Kinachozivuta nyuma ni diski ngumu ya zamani, ile ya sahani zinazozunguka. Hapa Liwatoni huniletea laptopu za namna hii watu wa nasheed, wa matangazo ya redio, na vijana wanaopika midundo chumbani, na wengi hufika wakiwa wamekwisha kuamua kwamba mashine imekufa. Mara nyingi haijafa. Inataka SSD, bisibisi ndogo na jioni moja ya utulivu.

Wauzaji huisifu SSD kwa kasi yake. Ni kweli ina kasi, lakini ukinunua kwa kigezo hicho peke yake utalipia usichokihitaji, kisha utashangaa mbona matatizo mengine yamebaki palepale.

Tuanze na hesabu. Treki moja ya sauti katika biti 24 na kilohezi 48 hutumia baiti 144,000 kwa sekunde. Treki 32 zikicheza pamoja zinadai kama megabaiti 4.6 kwa sekunde. Diski ngumu ya laptopu, hata ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ikisoma faili lililopangwa mfululizo hutoa megabaiti 80 hadi 100 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo ingebeba treki hizo zote bila jasho. Basi mbona wimbo unakatika ukifika kwenye kiitikio?

Unakatika kwa sababu treki 32 ni mafaili 32, na kila faili limekaa mahali pake juu ya sahani. Diski ina mkono wenye kichwa cha kusomea. Kichwa hicho huchukua milisekunde 12 hivi kufika kwenye mstari unaotakiwa, kisha hungoja sahani izunguke mpaka data ipite chini yake. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani hungoja nusu yake. Jumla inakaribia milisekunde 18 kwa kila mruko, yaani miruko 55 au 60 kwa sekunde na hakuna zaidi. Ni kama mkahawa wenye mhudumu mmoja na meza 32: miguu yake myepesi, ila muda wake wote unaishia njiani. Programu ya kurekodi hujitetea kwa kusoma mapande makubwa mapema, na wimbo ukiwa mzima hujitetea vizuri. Lakini mhariri akishakata sauti ya mwimbaji vipande mia mbili, akabandika neno kutoka rekodi ya tatu kwenye mstari wa rekodi ya kwanza, kila kipande ni mruko mwingine.

SSD haina mkono wala sahani. Data hukaa katika chembe za kumbukumbu za aina iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba miaka ya 1980, na kuifikia chembe yoyote huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, popote ilipo. Kwa fundi wa sauti, faida kubwa imekaa hapo. Zile megabaiti 550 kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kasha la SSD ya SATA ni ziada tu: treki zetu 32 hazifikii hata asilimia moja yake.

Anayetumia ala za sampuli ndiye hufaidi zaidi. Akitaka kodiani, fidla au besi ambayo hana mpigaji wake, hupakia maktaba ambamo kila noti imerekodiwa kwa nguvu mbalimbali. Programu kama Kontakt haipakii maktaba nzima kwenye RAM. Huweka mwanzo wa kila noti tu, na mengine huyavuta diskini noti inapopigwa. Diski ikiwa nzito, mwanzo huo lazima uwe mrefu, na RAM hujaa. Ukiwa na SSD unaweza kuufupisha kwenye mipangilio ya programu, na laptopu ya gigabaiti 8 ikapumua. Ya gigabaiti 4 ningeiongezea RAM kwa mkupuo huohuo, maana mfumo wake utakuwa unatumia diski kama RAM muda wote, na hiyo ni kuichosha SSD bila sababu.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, nami naithamini kuliko zote: ukimya. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huzunguka mara 90 kwa sekunde, na mtetemo huo hushuka mezani, ukapanda kwenye stendi ya maikrofoni, ukakaa kwenye hezi 90, eneo lilelile la nyuzi nene za udi. Udi ni ala ya sauti ndogo. Ili kuunasa vyema lazima uongeze nguvu ya maikrofoni, na hapo kila kilichomo chumbani kinaongezeka nao. Liwatoni tuko ukingoni mwa bandari ya Kilindini. Honi ya meli tunaisubiri ipite, injini za boti tunazifungia dirisha, lakini diski iliyo ndani ya mashine inayorekodi haina saa ya kunyamaza. Ukishaiondoa, unaweza kuiweka laptopu karibu na mpigaji na kurekodi katika chumba kidogo bila kutafuta kebo ndefu.

Sasa yale ambayo SSD haitakufanyia. Haitaondoa ucheleweshaji ambao mwimbaji huusikia kwenye hedifoni. Huo unatokana na bafa ya sauti: sampuli 512 katika kilohezi 48 ni karibu milisekunde 11 za kwenda peke yake, sampuli 128 ni chini ya milisekunde 3. Unaupunguza kwenye mipangilio ya kadi ya sauti, na anayeubeba mzigo wake ni prosesa. Wala SSD haitaponya mikwaruzo inayoletwa na dreva mbovu ya Wi-Fi au plagini nzito za mwangwi. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pima. Programu ya kurekodi ya Reaper ina dirisha la kuonyesha utendaji, likitaja diski na prosesa kila kimoja mbali. Live ya Ableton huwasha alama ya herufi D diski inaposhindwa kusoma kwa wakati. Ikiwa diski imetulia na prosesa ndiyo inayogonga asilimia 90, pesa yako iende kwingine.

Kwenye ununuzi, jambo la kwanza ni umbo. Laptopu za zamani huchukua diski ya inchi 2.5 ya SATA, na hapo angalia unene: nyingi hupokea milimita 7 au 9.5, ila chache, ThinkPad X230 ikiwa mojawapo, hupokea 7 pekee. Zilizofuata zina nafasi ya M.2, kijikadi cha milimita 22 kwa 80, na hapa watu wengi hupoteza pesa, kwa sababu kadi za M.2 ni za namna mbili zinazofanana kwa macho. Moja huzungumza SATA, nyingine NVMe, na nafasi ya laptopu yako huenda inaelewa moja tu. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kwenda dukani, usimwachie muuzaji akukisie.

NVMe hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde na zaidi. Kwa sauti, hutaisikia tofauti. Utakachokisikia ni joto lake kwenye mapaja. Kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi, mchana wa Mombasa unafika nyuzi 32 au 33 na vyumba vingi vya kurekodia huzimiwa feni kwa ajili ya maikrofoni. NVMe ndani ya laptopu nyembamba katika hali hiyo hupanda joto mpaka ijipunguzie kasi yenyewe. Laptopu ikiwa na nafasi ya zote mbili, mimi huweka SATA, na pesa inayobaki huenda kwenye ukubwa. Gigabaiti 500 ni pa kuanzia kwa mtu wa treki nyingi. Acha sehemu kama ya tano ikiwa tupu, maana SSD iliyojaa hupoteza muda ikihamisha data ndani kwa ndani.

Hofu kwamba SSD huisha kwa kuandikwa imepitwa na wakati kwa kazi yetu. Diski nzuri ya gigabaiti 500 huahidiwa kuandikwa terabaiti 180 hadi 300. Ukirekodi gigabaiti 20 kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo, terabaiti 180 zitakuchukua siku 9,000. Cha kuogopa ni bidhaa bandia: kibandiko kinasema terabaiti 2, ndani mna kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kudanganya, na mafaili yakipita uwezo wake hupotea bila onyo. Siku ya kununua ijaze pomoni kwa programu ya H2testw na uisome yote upya. Inachukua saa kadhaa, na kama ni bandia utairudisha risiti ikiwa bado mbichi.

Kuifunga SSD ni rahisi kuliko watu wanavyoamini. Hifadhi mafaili yako nje kwanza. Ondoa leseni za plagini kwenye mfumo wa zamani, kwa sababu baadhi hutambua mashine kwa diski yake na zitakukatalia baadaye. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ufunguo wake karatasini. Kunakili mfumo mzima kwa programu ya Clonezilla kunawezekana, lakini kwa laptopu ya studio napenda mfumo usakinishwe upya: miaka ya takataka haina sababu ya kuhamia nyumba mpya. Zima mashine, chomoa chaji, tenga betri kabla ya kugusa kitu. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, kagua meno ya kiunganishi. Yakiwa na weusi au ukungu wa kijani, yafute taratibu kwa spiriti ya aisopropili na uyaache yakauke. Nimeona laptopu ikihukumiwa kwamba diski yake imekufa, kumbe ni kutu tu. Kwenye MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 shuku pia utepe unaounganisha diski na ubao, kwani unajulikana kwa kuchakaa.

Diski ya zamani usiitupe ikiwa nzima. Baadhi ya laptopu hukubali iwekwe mahali pa DVD, lakini ukifanya hivyo umerudisha ule mtetemo chumbani. Afadhali iwekwe kwenye kasha la USB iwe ghala, hasa kwa wale wanaohamishia sauti za kaseti kwenye kompyuta. Pwani hii ina hazina kwenye kaseti: udi wa Zein l'Abdin, sauti ya Juma Bhalo, na rekodi za harusi zilizouzwa Mji wa Kale katika maduka kama Mbwana Radio Service. Kaseti ya dakika 60 katika biti 24 na kilohezi 96, stirio, ni gigabaiti 2 na kidogo. Kaseti 100 ni kama gigabaiti 207. Zihariri kwenye SSD, zihifadhi kwingine. SSD isiyopata umeme hupoteza chaji ya chembe zake polepole, na joto huharakisha upotevu huo. Iliyochakaa ikiachwa kwenye droo bila umeme, kiwango cha sekta huidhamini mwaka mmoja tu, tena katika nyuzi 30, pungufu ya mchana wetu wa Februari. Diski ngumu huvumilia droo vizuri zaidi, na ikianza kuumwa mara nyingi hugonga ukasikia, wakati SSD huweza kuzima asubuhi moja pasipo dalili yoyote. Kwa hiyo nakala ziwe tatu: ya kazi kwenye SSD, ya pili kwenye diski ngumu mkononi mwako, na ya tatu kwenye diski nyingine nje ya kisiwa, Likoni au Nyali kwa ndugu. Hizo mbili za ghala ziwashwe walau mara mbili kwa mwaka, na kila mara ufungue mafaili machache uyasikilize mpaka mwisho.