Kulinganisha Injini na Shafti ya Propela

Katika boti yenye injini ya ndani, nguvu hutoka kwenye giaboksi, ikapita kwenye shafti hadi kwenye propela. Giaboksi na shafti huunganishwa kwa flanji mbili zilizokazwa kwa bolti. Nyuso za flanji hizo zisipolala sawa, shafti hupindwa kidogo kila inapozunguka. Boti hutetemeka, paking hupata moto na kuvujisha maji, sili ya giaboksi hutoa oili, bushi huliwa upande mmoja. Ikiachwa, shafti huweza kukatika.

Kwenye mialo ya Nkome na Chato, mkoani Geita, mitumbwi mingi ya uvuvi hufungwa injini ya kuning'iniza nyuma, nayo haina tatizo hili. Tatizo ni la vyombo vikubwa vyenye injini ndani ya bodi. Fundi wa Katoro au Kahama aliyezoea kufunga mota na pampu za mgodini anaijua kanuni ya kulinganisha, ila mgodini mashine hukaa juu ya zege. Chombo cha majini hupinda, na umbo lake kikiwa nchi kavu silo lile kikielea. Cha mbao hata hufura. Ndiyo maana kipimo cha nchi kavu ni cha kuanzia tu. Cha mwisho huchukuliwa chombo kikiwa majini, kimetulia walau siku nzima, matangi yakiwa na uzito wa kawaida.

Bolti za flanji hufunguliwa, na shafti hutegemezwa isilale kwa uzito wake. Kwanza flanji hupangwa zilingane kimo na pembeni, ndipo fila (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) hupitishwa katikati yake: juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti ya uwazi isizidi takriban milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za kipenyo cha flanji.

Kabla ya kugusa injini, shafti huzungushwa robo robo, flanji ya giaboksi ikiwa imetulia, na kupimwa upya. Uwazi mkubwa ukihama pamoja na shafti, basi shafti au flanji yake imepinda, na kusogeza injini hakutasaidia kitu. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na kuruka huko ni hasara.

Uwazi ukibaki palepale, injini ndiyo imekaa vibaya. Ukiwa mkubwa chini, mbele ya injini hushushwa. Ukiwa juu, hupandishwa. Kiasi hupatikana kwa hesabu: tofauti ya milimita 0.3 kwenye flanji ya milimita 120, miguu ya mbele na ya nyuma ikiachana milimita 800, hudai milimita 2 kwenye miguu ya mbele.

Nati za miguu zikishakazwa, vipimo hurudiwa, kwa kuwa kukaza kwenyewe huisogeza injini. Raba za miguu nazo hubonyea kadiri zinavyozeeka, hivyo chombo kinachofanya kazi kila siku hukaguliwa walau mara moja kwa mwaka. Koplingi ya raba hupunguza mtikisiko, lakini hainyooshi kilichopinda.